UKILEMEWA NA MADENI USIJIFICHE: TAFUTA USHAURI

Katika somo letu la leo tutazungumza juu ya madeni. Tutaeleza jinsi ya kuyaandika, jinsi ya kuyapigia hesabu, mahali pa kupata ushauri, na namna ya kurudisha jina jema la mkopaji. Chukueni kalamu na daftari, maana hesabu zipo.

Wahenga walisema, "Kukopa harusi, kulipa matanga." Sote tunaujua ukweli wa methali hiyo. Siku ya kupokea fedha uso unacheka. Siku ya marejesho uso unakunja. Lakini tusiseme kwamba kukopa ni kubaya. Mkulima anayekopa mbegu bora na mbolea, akavuna, akalipa na kubakiwa na ziada, huyo mkopo umemsaidia. Ubaya unaanza pale tunapokopa bila hesabu, au tunapokopa huku ili tulipe kule.

KWA NINI WATU HUFICHA MADENI?

Watu wengi huona aibu kusema wanadaiwa. Mume humficha mke na mke humficha mume. Mdai akipiga simu, mtu anaizima. Akija nyumbani, mtoto anatumwa aseme, "Baba hayupo." Hayo yote hayapunguzi deni hata senti moja. Riba haioni aibu, na wala haisubiri. Inahesabiwa usiku na mchana, hata siku ya sikukuu.

Vijijini na mijini watu wameipa mikopo ya namna fulani jina la "kausha damu". Jina hilo linatosha kueleza habari yake. Mtu hukopa fedha kidogo kwa haraka, bila maswali mengi, na marejesho ni ya kila siku au kila wiki. Akikosa siku moja anatozwa faini. Mwisho wake godoro, masufuria na baiskeli vinabebwa. Wapo walioyahama makazi yao kwa sababu ya madeni, wakaacha watoto kwa bibi. Wapo pia waliouza mazao yakiwa bado shambani, kwa bei ya kutupa.

Basi, deni ni kama kidonda. Ukikificha hakiponi, kinaoza. Yafaa kumwonyesha mganga mapema.

HATUA YA KWANZA: ANDIKA MADENI YOTE

Mali bila daftari hupotea bila habari. Na deni bila daftari hukua bila habari. Kabla ya kwenda kwa mshauri, kaeni nyumbani, mume na mke pamoja, mwandike madeni yote. Msiache hata lile dogo la dukani.

Tuchukue mfano. Tuseme mkulima mmoja ana madeni haya:

1. SACCOS: Sh. 300,000. Riba kwa mwezi ni asilimia 1.5, yaani Sh. 4,500.
2. Mkopeshaji binafsi: Sh. 100,000. Riba kwa mwezi ni asilimia 20, yaani Sh. 20,000.
3. Mkopo wa simu: Sh. 30,000. Ada kwa mwezi ni asilimia 10, yaani Sh. 3,000.
4. Duka la pembejeo: Sh. 80,000. Halina riba.
5. Jirani: Sh. 40,000. Hakuna riba.

Jumla ya madeni ni Sh. 550,000. Jumla ya riba na ada kwa mwezi mmoja ni Sh. 27,500.

Sasa tazameni vizuri. Deni kubwa kuliko yote ni la SACCOS. Wengi wetu tungesema, "Hilo ndilo linaloniua." Hapana. Deni la SACCOS la laki tatu linazaa Sh. 4,500 tu kwa mwezi. Deni la mkopeshaji binafsi la laki moja linazaa Sh. 20,000. Huyo ndiye anayekausha damu. Bila kuandika, usingemtambua.

HATUA YA PILI: PANGA NANI ALIPWE KWANZA

Tuseme familia hii imekubaliana kubana matumizi. Wanauza mayai, ndizi na maziwa, nao wanaweza kutenga Sh. 60,000 kila mwezi kwa ajili ya madeni. Watazigawaje?

Wapo watakaosema, "Tugawe sawasawa, kila mdai apate kidogo, wasigombane." Haya, tugawe. Sh. 60,000 kwa wadai watano ni Sh. 12,000 kila mmoja. Mkopeshaji binafsi anapokea Sh. 12,000, lakini riba yake ya mwezi ni Sh. 20,000. Zimebaki Sh. 8,000 hazikulipwa. Zikiongezwa kwenye deni, mwezi unaofuata deni si laki moja tena, ni Sh. 108,000. Umelipa, na deni limekua! Ndiyo maana mtu hulalamika, "Kila siku nalipa lakini siishi kudaiwa."

Tujaribu njia nyingine. Familia inakwenda SACCOS na kwa mwenye duka la pembejeo, inaeleza hali yake, na kuomba muda mpaka mavuno. SACCOS inakubali kupokea riba peke yake kwa miezi minne. Mwenye duka na jirani wanakubali kusubiri. Kila mwezi familia inalipa kwanza riba na ada zote. Fedha inayobaki yote inakwenda kwa mwenye riba kubwa.

Mwezi wa kwanza: riba na ada ni Sh. 27,500. Zinabaki Sh. 32,500. Deni la mkopeshaji binafsi linashuka kutoka Sh. 100,000 mpaka Sh. 67,500.

Mwezi wa pili: riba ya mkopeshaji sasa ni Sh. 13,500 tu. Ukijumlisha na za SACCOS na simu ni Sh. 21,000. Zinabaki Sh. 39,000. Deni la mkopeshaji linashuka mpaka Sh. 28,500.

Mwezi wa tatu: riba na ada zote ni Sh. 13,200. Zinabaki Sh. 46,800. Mkopeshaji analipwa Sh. 28,500 na kumalizwa. Zinazobaki, Sh. 18,300, zinakwenda kwenye mkopo wa simu. Huo nao unashuka mpaka Sh. 11,700.

Mwezi wa nne: ada ya simu ni Sh. 1,170 na riba ya SACCOS ni Sh. 4,500. Mkopo wa simu unamalizwa. Jirani analipwa Sh. 40,000 zake zote. Na bado zinabaki Sh. 2,630 za kupeleka dukani.

Mnaona? Fedha ni ile ile, Sh. 60,000 kwa mwezi. Lakini kwa mpango huu, baada ya miezi minne wadai watatu wameondoka. Wamebaki wawili wanaosubiri mavuno.

HATUA YA TATU: TAFUTA MSHAURI

Hesabu kama hizi mtu anaweza kuzifanya mwenyewe. Lakini mtu aliyelemewa huwa hana utulivu wa kufikiri, na mara nyingi mdai hamsikilizi. Hapo ndipo mshauri anahitajika. Je, mwanakijiji wa Tanzania ampate wapi?

Kwanza, viongozi wa kikundi chako cha VICOBA au wa SACCOS. Wengi tunawakimbia hao tunapodaiwa, na hilo ni kosa. Chama hupenda zaidi mwanachama alipe polepole kuliko asilipe kabisa. Waendee kabla ya siku ya marejesho, siyo baada yake.

Pili, afisa ushirika wa wilaya. Yeye anashughulikia vyama vya ushirika, pamoja na SACCOS. Mkipata mgogoro na chama chenu, mpelekeeni habari.

Tatu, afisa maendeleo ya jamii wa kata. Huyu anavijua vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na anaweza kueleza juu ya mikopo ya halmashauri. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo hiyo: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Haina riba. Lakini tukumbuke, fedha isiyo na riba siyo zawadi. Lazima irudi ili wengine nao wakope.

Nne, wasaidizi wa kisheria. Hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Wanasaidia watu wasio na uwezo, tena bila malipo. Mwulizeni afisa mtendaji wa kijiji au wa kata awaeleze walipo.

Unapokwenda kwa mshauri chukua vitu hivi: daftari la madeni, mikataba yote uliyosaini, risiti na ujumbe wa simu wa malipo, na orodha ya mapato na matumizi ya nyumbani. Usifiche kitu. Mgonjwa akimdanganya daktari, dawa haitamfaa.

Jihadharini pia na washauri wa uongo. Mtu akikwambia, "Nipe elfu hamsini nifute jina lako kwenye orodha ya wadaiwa," huyo ni tapeli. Akitaka namba yako ya siri ya simu au ya benki, mkimbie. Mshauri wa kweli hahitaji namba yako ya siri kwa kazi yoyote.

HATUA YA NNE: MWANDIKIE MDAI

Tumejifunza kusoma na kuandika. Tuutumie ujuzi wetu. Maneno ya mdomo husahaulika, barua hubaki. Mfano wa barua ni huu:

Kijiji cha ....................
Tarehe ....................

Kwa Mwenyekiti,
SACCOS ya ....................

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: KUOMBA KUPANGIWA UPYA MAREJESHO YA MKOPO

Mimi ni mwanachama namba .......... Nilikopa Sh. .......... mwezi wa .......... Mpaka leo nimekwisha kulipa Sh. ..........

Nimeshindwa kulipa kama tulivyokubaliana kwa sababu .................... Sikatai deni langu. Naomba nilipe Sh. .......... kila mwezi mpaka mwezi wa .........., halafu nimalize deni lililobaki baada ya kuuza mazao.

Naomba pia nielezwe kwa maandishi deni langu lililobaki ni kiasi gani.

Wako katika ushirika,
(Sahihi)

Andika barua mbili zinazofanana. Moja mpelekee, na nyingine mwombe aisaini kwamba amepokea, uitunze. Wakikubali ombi lako, makubaliano mapya yaandikwe na pande zote mbili zisaini. Halafu usiahidi kiasi usichokiweza. Afadhali kuahidi Sh. 10,000 ukazileta, kuliko kuahidi Sh. 50,000 ukajificha tena.

JINA JEMA LA MKOPAJI

Zamani mwenye duka alikukopesha kwa sababu alimjua baba yako na babu yako. Siku hizi benki haimjui babu yako. Inatazama taarifa za mikopo. Hapa Tanzania zipo kampuni zilizopewa leseni na Benki Kuu kukusanya taarifa hizo: nani alikopa, alikopa kiasi gani, alilipa kwa wakati au alichelewa. Unapoomba mkopo, benki huuliza huko kwanza.

Kwa hiyo mtu anaweza kushangaa. Anaomba mkopo wa kununua mashine ya kusaga, ananyimwa, kumbe kuna deni la nyuma lililolala. Je, jina lililoharibika linatengenezwaje?

- Lipa deni lililochelewa, hata kwa awamu. Dawa ya deni ni kulipa. Hakuna dawa nyingine.
- Ukimaliza, omba barua inayosema deni limekwisha. Itunze pamoja na risiti zako.
- Omba kuona taarifa yako mwenyewe. Ukikuta kosa, kwa mfano deni ulilokwisha kulipa bado linaonekana, lalamika kwa maandishi kwa aliyekukopesha na kwa kampuni inayotunza taarifa. Ambatisha risiti.
- Usikope mahali pengi kwa wakati mmoja.
- Usikubali mtu mwingine akope kwa jina lako, kitambulisho chako au laini yako ya simu. Akikimbia, anayedaiwa ni wewe.
- Fikiri mara mbili kabla ya kumdhamini mtu. Mdhamini siyo shahidi. Mkopaji akishindwa, mdhamini hulipa.

Jina jema halirudi kwa siku moja. Linarudi kidogo kidogo, kwa kila rejesho linalofika siku yake. Haba na haba hujaza kibaba.

HAKI ZA MDAIWA

Mdaiwa ana wajibu wa kulipa. Lakini mdaiwa siyo mtumwa. Yafaa tuzijue haki zetu.

Kwanza, mkopeshaji lazima awe na leseni. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 iliwagawa watoa huduma hizo katika madaraja manne. Daraja la kwanza ni mabenki yanayopokea amana za watu. La pili ni wakopeshaji wasiopokea amana, hata mtu mmoja mmoja. La tatu ni SACCOS. La nne ni vikundi vya kijamii, kama VICOBA. Kwa wakopeshaji wa daraja la pili, Benki Kuu iliweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi.

Tupige hesabu tena. Mkopo wa Sh. 100,000 kwa riba ya asilimia 3.5 ni Sh. 3,500 kwa mwezi. Yule mkopeshaji wa mfano wetu anatoza Sh. 20,000. Tofauti ni Sh. 16,500 kila mwezi! Kwa hiyo kabla ya kukopa mwulize, "Leseni yako iko wapi?" Akikasirika kwa swali hilo, umekwisha pata jibu.

Mikopo ya simu nayo tuitazame vizuri. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha kwa mtandao bila leseni. Programu nyingine husoma majina yote yaliyomo katika simu yako. Ukichelewa kulipa, ndugu, wakwe na rafiki zako wanatumiwa ujumbe wa kukuaibisha. Usiipe programu ya mkopo ruhusa ya kuona majina hayo.

Pili, soma mkataba kabla ya kusaini. Kama hujauelewa, uchukue ukasomewe na mtu unayemwamini. Tazama mambo manne: kiasi unachopokea mkononi, jumla utakayolipa, tarehe za marejesho, na dhamana. Usisaini karatasi yenye nafasi tupu.

Tatu, nyumba ya familia haiwekwi rehani na mtu mmoja. Tangu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mume au mke haruhusiwi kuiweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Akina mama, msilazimishwe kusaini. Akina baba, msisaini kwa siri.

Nne, kushindwa kulipa deni peke yake siyo wizi. Ni jambo la madai, na madai huamuliwa na mahakama. Mkopeshaji hana ruhusa ya kuja na vijana wenye nguvu, akavunja mlango na kubeba vyombo. Akifanya hivyo, toa taarifa kwa uongozi wa kijiji na polisi. Lakini ukipokea wito wa mahakama usiukalie. Nenda siku iliyoandikwa, na daftari lako na risiti zako mkononi. Asiyefika huamuliwa bila kusikilizwa.

MWISHO WA SOMO

Ndugu wasomaji, katika kila kijiji wapo watu ambao usiku huu hawatalala kwa sababu ya madeni. Labda ni jirani yako. Labda ni wewe. Tusiwacheke. Tuwasaidie kuandika daftari, kupiga hesabu na kuandika barua. Aliyejua kusoma na amsomee mwenzake mkataba kabla hajaweka dole gumba. Hiyo nayo ni kazi ya elimu yetu.

MANENO YA KUKUMBUKA

Mdai: mtu anayedai fedha zake.
Mdaiwa: mtu anayetakiwa kulipa.
Dhamana: mali inayowekwa ili mkopo ukishindikana ichukuliwe.
Mdhamini: mtu anayeahidi kulipa endapo mkopaji atashindwa.
Riba: fedha ya ziada inayolipwa juu ya mkopo.
Marejesho: malipo ya kurudisha mkopo kidogo kidogo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini familia ya mfano wetu haikuanza na deni la SACCOS, ingawa ndilo kubwa?
2. Mtu amekopa Sh. 200,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi. Kwa miezi sita hakupunguza mkopo wenyewe, alilipa riba tu. Amelipa kiasi gani? Je, anadaiwa kiasi gani bado?
3. Katika kata yenu, afisa maendeleo ya jamii na msaidizi wa kisheria wanapatikana wapi, na siku gani?
4. Kikundi chenu kifanye nini mwanachama anaposhindwa kulipa kwa sababu ya ugonjwa au ukame?

Majibu ya swali la pili: Amelipa Sh. 240,000, na bado anadaiwa Sh. 200,000 zote. Hebu zungumzeni juu ya hilo.